Barua Pepe za Chama: Ufunguo Ukae kwa Nani?

Katika ofisi ya chama cha msingi iliyopangwa vizuri mtu hakosi kukuta madaftari mawili juu ya meza ya karani: moja la barua ziingiazo, la pili la barua zitokazo. Kila barua ina namba yake, tarehe yake, jina la mwandishi na namba ya jalada ilimowekwa. Mkaguzi afikapo, akishamaliza vitabu vya fedha huyaomba madaftari hayo, maana barua isiyoingizwa daftarini ni sawa na stakabadhi isiyo na namba. Desturi hiyo imevilinda vyama kwa miaka mingi. Lakini siku hizi sehemu kubwa ya barua za chama hazipiti tena mezani kwa karani. Zinapita katika simu ya Katibu, katika anuani aliyoifungua mwenyewe kwa jina lake, na neno la siri la kuifungulia analijua yeye peke yake.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi chama kinavyoweza kujiwekea utaratibu wa barua pepe ulio mali ya ofisi, unaoweza kusimamiwa na kukaguliwa na wenye chama. Hali kadhalika yanaeleza mipaka ya usimamizi huo. Jambo hili la pili ndilo gumu zaidi, na ndilo ambalo vyama vingi hulisahau vinaponunua kompyuta.

Tuchukue mfano wa chama cha wakulima wa vitunguu katika Kata ya Baray, wilayani Karatu, kule bondeni karibu na Ziwa Eyasi. Vitunguu vya bonde hilo, ambavyo sokoni hujulikana kwa jina la Mang'ola, husafiri hadi Arusha, Dar es Salaam na hata Nairobi. Mkulima hulima kwa maji ya mifereji, huvuna, hujaza magunia yake, kisha husikiliza bei. Tuseme mnunuzi wa Nairobi anamwandikia Katibu kwamba atachukua magunia 300 wiki ijayo, na anataja bei. Barua hiyo ni siri ya biashara ya wanachama wote. Ikimfikia dalali kabla Bodi haijakutana, dalali ataingia mashambani jioni ile ile na kununua kwa bei ya chini kutoka kwa mwanachama asiyejua kinachokuja. Baadaye watu watalaumiana kwenye mkutano, na chama hakitakuwa na njia ya kujua barua ilitokea mlango gani, kwa kuwa mlango wenyewe haukuwa wa chama.

Hatari ya pili ni ya kupotea. Katibu akihama, akiachishwa kazi au akifariki dunia, barua zote zinaondoka naye. Mrithi wake anakuta kabati lina majalada ya karatasi yanayokoma mwaka fulani, na baada ya hapo ni kimya. Mkataba wa pembejeo ulijadiliwa vipi? Benki iliahidi nini? Jibu limefungiwa ndani ya simu isiyo ya chama, na kisheria chama hakiwezi kumlazimisha mjane akabidhi simu ya marehemu mumewe ili barua zipekuliwe.

Hatari ya tatu ni ya matapeli. Mtu hujifanya mnunuzi au msambazaji wa mbolea, hutumia anuani inayofanana na ile ya kweli isipokuwa herufi moja, kisha huandika kwamba akaunti ya benki imebadilika na malipo yapelekwe kwingine. Udanganyifu wa namna hii si wa vyama vidogo tu. Idara ya Upelelezi ya Marekani (FBI) ilipokea taarifa za hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9 kwa mwaka 2023 peke yake kutokana na utapeli wa barua pepe za biashara. Kampuni zenye wanasheria na mafundi wao zimelia. Chama chenye Katibu mmoja na karani mmoja hakina budi kujihadhari zaidi.

Sasa, utaratibu wenyewe hujengwaje? Msingi wake ni jina. Chama hujiandikishia jina lake katika mtandao, ambalo mafundi huliita kikoa. Kwa Tanzania majina hayo huishia na herufi tz. Mashirika yasiyo ya kibiashara hutumia or.tz na kampuni hutumia co.tz. Serikali nayo ina yake, go.tz, na watumishi wa umma hutakiwa kufanyia kazi za Serikali katika anuani hizo, kwa kutumia mfumo wa barua pepe unaoendeshwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao. Sababu ya Serikali na sababu ya chama cha Baray ni moja: barua ya ofisi ikae mahali ambapo ofisi inaweza kuifikia hata mtumishi akiwa hayupo.

Jina likishapatikana, anuani zitolewe kwa vyeo, wala si kwa watu. Iwepo anuani ya katibu, ya mhasibu, ya mwenyekiti, ya ghala. Anayekaa kwenye kiti huipokea anuani pamoja na muhuri na funguo za kabati, naye akiondoka huviacha vyote. Hili ni jambo dogo, wala halina gharama, lakini likifanywa peke yake huondoa nusu ya matatizo yaliyotajwa hapo juu. Kila mwenye anuani awe na neno lake la siri, na pamoja nalo uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba inayoletwa katika simu yake kila anapoingia kwa kifaa kigeni. Karani asipewe neno la siri la Katibu "kwa ajili ya dharura". Dharura za namna hiyo huwa haziishi.

Wako wanachama wanaodhani kwamba lazima chama kinunue mtambo wa kuhifadhia barua, yaani seva, na kuufunga ofisini. Kwa chama cha Baray ushauri huo haufai. Mtambo huo hutaka umeme usiokatika, chumba kisicho na joto wala vumbi, na fundi wa kuutazama usiku na mchana. Ni heri kukodi nafasi kwa kampuni inayofanya kazi hiyo na kulipa ada ya kila mwezi au ya kila mwaka. Barua pepe ina fadhila moja ambayo imekuwa nayo tangu Ray Tomlinson alipotuma ile ya kwanza kutoka kompyuta hadi kompyuta mwaka 1971: haihitaji mpokeaji awepo wakati ule ule. Mtandao wa simu ukikatika bondeni, barua hungoja katika mtambo hadi Katibu atakapopata mawimbi. Simu ya kawaida yenye intaneti yatosha kuisoma.

Hapo ndipo anapoingia msimamizi wa mfumo. Kila mtambo wa barua pepe una mtu mmoja au wawili wenye ufunguo mkuu. Yeye hufungua anuani mpya na kufunga za zamani. Hubadilisha maneno ya siri ya wengine. Huweka ulinzi dhidi ya virusi. Akitaka, anaweza pia kuagiza kwamba nakala ya kila barua inayoingia kwa Mwenyekiti imfikie yeye kimya kimya. Kwa maneno mengine, kijana fundi anayelipwa posho ndogo anaweza kuwa na uwezo ambao Mwenyekiti wa chama hana, na wala mkutano mkuu haukupata kumpigia kura. Bodi nyingi hukabidhi ufunguo huu bila hata mstari mmoja katika muhtasari wa kikao.

Yafaa kutofautisha usimamizi wa aina tatu, kwa kuwa watu huuchanganya. Wa kwanza ni ule wa daftari: mfumo huandika wenyewe nani kamwandikia nani, tarehe gani na saa ngapi, bila kuonyesha kilichomo. Hili ni daftari lile lile la barua ziingiazo na zitokazo, isipokuwa halisahau na halipaki rangi nyeupe juu ya makosa. Usimamizi huu uwepo daima, na kila mtumishi aujue. Wa pili ni ule wa mashine: programu huchungua kila barua kutafuta virusi, viambatisho vya hatari au anuani za kughushi, na huzitenga. Hakuna binadamu anayesoma. Huu nao uwepo daima. Wa tatu ni binadamu kufungua barua ya mwenzake na kuisoma. Huo si wa kila siku. Ni kama kuvunja kufuli la kabati la mtumishi: yaweza kulazimu, lakini halifanywi na mtu mmoja, halifanywi gizani, wala halifanywi kwa sababu mtu fulani hapendwi.

Fikirini jambo hili, Ndugu Makatibu. Mwanachama wa Baray anaona kwamba magunia yaliyoingia ghalani hayalingani na yaliyoandikwa. Anaandika barua kwa Kamati ya Usimamizi akimtaja Meneja kwa jina. Ikiwa Meneja ndiye mwenye ufunguo mkuu wa mfumo, atakuwa ameisoma barua hiyo kabla ya Kamati, na huenda Kamati isiione kabisa. Hapo mfumo ulionunuliwa kwa fedha za wanachama ili kuzuia wizi utakuwa umegeuzwa kuwa ngao ya mwizi. Kwa sababu hiyo, kanuni ya kwanza katika kupanga mfumo wa barua pepe wa chama ni kwamba Meneja, Katibu na Mhasibu wasiwe wasimamizi wa mfumo, hata kama wao ndio pekee wanaojua kompyuta. Na anuani ya malalamiko iwe nje ya uwezo wa wote wanaoweza kulalamikiwa.

Basi ni nani ashike ufunguo? Utaratibu unaofaa ni wa funguo mbili, kama sefu ya chama. Fundi ashike ufunguo wa kazi za kila siku: kufungua anuani, kusaidia aliyesahau neno la siri, kuondoa virusi. Ruhusa ya kufungua na kusoma barua za mtu itolewe kwa maandishi na watu wawili wasio wa idara moja, mathalani Mwenyekiti wa Bodi na Mwenyekiti wa Kamati ya Usimamizi. Na pale ambapo mmoja wao ndiye anayetuhumiwa, nafasi yake ichukuliwe na mjumbe aliyetajwa mapema na mkutano mkuu. Ruhusa itaje anuani ya nani, barua za tarehe gani hadi gani, na kwa sababu ipi. Kufungua barua zote za mwaka mzima ili kutafuta kosa lisilojulikana si ukaguzi, ni upekuzi.

Tena mfumo wenyewe uandike kila tendo la msimamizi: ameingia saa ngapi, amefungua anuani ipi, amebadilisha nini. Mifumo mingi ya kukodi ina uwezo huo tayari, lakini mara nyingi hakuna anayesoma kumbukumbu hizo. Zipelekwe kila mwezi kwa Kamati ya Usimamizi, mahali ambapo msimamizi mwenyewe hawezi kuzifuta. Mjumbe asiyejua kompyuta asiogope kazi hii. Anachotakiwa kuuliza ni swali moja tu: je, kila mara anuani ya mtu ilipofunguliwa kuna karatasi ya ruhusa yenye sahihi mbili? Kama idadi hazilingani, aitishe kikao.

Sheria za nchi haziko kimya juu ya mambo haya. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika Ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya hifadhi ya maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuwa kosa kuingia katika mfumo wa kompyuta au kunasa mawasiliano bila idhini. Fundi anayesoma barua kwa udadisi tu, au Meneja anayemwamuru afanye hivyo, wasidhani kwamba kazi yao ni kinga. Kisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajiandikishe kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, wawaeleze wahusika madhumuni ya kukusanya taarifa zao, na wasizitumie kwa jambo jingine. Miamala ya fedha ya mtu imewekwa na sheria hiyo katika fungu la taarifa nyeti. Orodha ya mikopo ya wanachama inayotumwa kwa barua pepe kutoka kwa Mhasibu kwenda benki imo humo moja kwa moja. Si ya kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la chama, wala si ya kusomwa na fundi.

Kwa upande mwingine, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaipa barua pepe nafasi mahakamani kama ushahidi. Lakini mahakama hutazama jinsi ilivyotunzwa: je, mfumo ni wa kuaminika, je, barua ingeweza kubadilishwa njiani au kabatini, je, mwandishi anatambulikana? Chama ambacho watu watano hutumia neno moja la siri kitapata taabu kuthibitisha kwamba Katibu ndiye aliyekubali bei. Hivyo usimamizi mzuri una faida hata siku chama kinapomshitaki mnunuzi aliyekimbia na magunia.

Iko kesi moja ya Ulaya ambayo, ingawa haizifungi mahakama za Tanzania, inafundisha. Mfanyakazi mmoja wa Romania alitakiwa na mwajiri wake afungue anuani ya Yahoo Messenger kwa ajili ya kuwajibu wateja. Mwezi Julai 2007 mwajiri alizinasa barua zake kwa siku kadhaa, akakuta ndani yake mazungumzo na nduguye na mchumba wake, akamfukuza kazi. Kanuni za kampuni zilikataza kutumia mitambo ya ofisi kwa mambo binafsi, na mfanyakazi alizijua. Hata hivyo, tarehe 5 Septemba 2017, katika kesi ya Bărbulescu dhidi ya Romania, jopo kuu la Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya liliamua kwa kura 11 dhidi ya 6 kwamba haki yake ilikuwa imevunjwa. Mahakama za nchi yake hazikuchunguza kama aliarifiwa mapema kwamba anachunguzwa, kwa kiasi gani na kwa namna gani, wala kama palikuwa na sababu ya kutosha ya kusoma yaliyomo. Mahakama haikusema kwamba mwajiri haruhusiwi kusimamia. Ilisema kwamba kukataza ni jambo moja na kuchunguza ni jambo jingine, na kwamba anayekusudia kuchunguza aseme kabla.

Kwa hiyo chama kiandike tangazo fupi, kwa Kiswahili kinachoeleweka, likisema kwamba anuani za ofisi ni mali ya chama. Kwamba mfumo huandika nani kamwandikia nani. Kwamba barua zaweza kufunguliwa kwa ruhusa ya wawili, katika sababu zilizotajwa. Na kwamba barua za nyumbani ziandikwe katika anuani ya mtu mwenyewe. Kila mtumishi atie sahihi, na nakala ibandikwe ukutani. Wanachama nao waambiwe kwenye mkutano, kwa kuwa barua zao pia zinapita humo. Muda wa kutunza barua uamuliwe pale pale: zinazohusu fedha na mikataba zikae kwa muda ule ule wa vitabu vya hesabu, nyingine zifutwe mapema, kwani kulimbikiza barua zisizo na kazi ni kumlimbikizia mwizi.

Kuhusu WhatsApp, ukweli usifichwe. Bei nyingi za vitunguu hupatanwa huko, na hakuna mfumo wa barua pepe utakaozuia. Kinachowezekana ni Bodi kuamua kwamba makubaliano yoyote ya simu hayakifungi chama mpaka yathibitishwe kwa barua kutoka anuani ya ofisi.

Lipo jambo linaloigusa Bodi ya Chama Kikuu chenyewe. Chama kidogo hakiwezi kuajiri fundi, na ni jambo la busara vyama kadhaa kushirikiana katika mfumo mmoja unaoendeshwa na Chama Kikuu, kila kimoja kikiwa na jina lake. Gharama hupungua na kazi hufanywa na mtu anayeijua. Lakini siku vyama vya msingi vitakapotaka kujadiliana wenyewe kwa wenyewe juu ya ushuru wa Chama Kikuu, au juu ya kuuza mazao kwa njia nyingine, barua zao zitakuwa ndani ya kabati la yule wanayemjadili. Vyama vikikubali mpango huo, mkataba useme waziwazi kwamba ruhusa ya kufungua barua za chama cha msingi hutolewa na chama hicho tu, na kwamba kumbukumbu za matendo ya fundi wa Chama Kikuu hupelekwa kwa kila chama kinachohusika. Chama kisichopata sharti hilo kibaki na mfumo wake, hata kama ni ghali zaidi.

Kazi ya kuhama ifanywe wakati ambao si wa mavuno, ili barua za biashara zisipotee katikati. Barua za zamani zilizomo katika anuani binafsi ya Katibu zihamishwe mbele yake na mbele ya mjumbe mmoja wa Bodi. Katibu mwenyewe atenge kwanza zile za nyumbani kwake, na zisiguswe. Hati ya makabidhiano iandikwe na kuwekwa jaladani. Anuani ya zamani ibaki wazi kwa miezi 6, ikimjibu kila aandikaye kwamba ofisi imehama. Wanunuzi wa Arusha na Nairobi, benki na ofisi ya Afisa Ushirika wa Wilaya wajulishwe anuani mpya kwa barua ya karatasi yenye muhuri wa chama, iliyopelekwa kwa mkono au kwa posta. Taarifa ya anuani mpya inayoletwa kwa barua pepe ndiyo hasa ambayo matapeli huighushi, na mnunuzi mwangalifu atakuwa na haki ya kutoiamini.